Eti Kompyuta Haikosei? Njooni Masakta!

Najua nimepotea, na baadhi yenu mmeshaanza kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Kuna jambo nimekaa nalo kifuani tangu Desemba 2024 na kila nikitaka kuliandika aibu inanishika mkono. Leo nimeamua. Liwalo na liwe.

Nataka kuzungumzia ugonjwa mmoja uliotuingia sisi tuliosoma, na ambao tumewaambukiza wazazi wetu vijijini: ugonjwa wa kuamini kwamba kompyuta ikishasema, mjadala umekwisha. Mnaijua lugha yenyewe. "Mfumo hauruhusu." "Mfumo unaonyesha hivi." Mfumo, mfumo, mfumo! Kana kwamba mfumo ulishuka kutoka mbinguni, wala haukuandikwa na kijana fulani mwenye usingizi saa nane za usiku.

Mimi ni mmoja wa vijana hao wenye usingizi. Sikilizeni.

Wengi wenu mnanijua kama ripota wa gazeti. Wachache mnajua kwamba shahada yangu ni ya kompyuta, si uandishi wa habari (msinicheke, maisha yana kona zake). Likizo ya Desemba 2021, nikiwa mwaka wa pili chuoni, nilikwenda nyumbani Masakta. Kwa wasiopajua, Masakta iko Hanang, mkoani Manyara, upande ambao wazee wengine bado wanauita Mbulu kwa mazoea, kwa sababu Hanang ilimegwa kutoka Mbulu. Mahindi, maharage, mbaazi, ng'ombe, na baridi ya asubuhi inayokufanya ujute kwa nini umeacha sweta Dar.

Pale nyumbani kuna kikundi cha kuweka na kukopa. Wanachama 30, wengi wao akina mama. Hesabu zote zilikuwa kwenye daftari la mweka hazina, mama mmoja ninayemwita shangazi kwa sababu amekua pamoja na baba yangu. Elimu yake ni darasa la saba. Mwandiko wake umenyooka kama matuta ya shamba lake.

Mimi msomi nikaona daftari ni ushamba! Nikakaa siku tatu nikawaandikia programu kwa lugha ya C, ndiyo lugha tuliyokuwa tunafundishwa muhula ule. Katibu wa kikundi ni mwalimu, ana kompyuta mpakato, nikamwekea humo. Kazi ya programu ilikuwa rahisi. Mwanachama akiweka amana kwenye kikundi, mwisho wa mwaka analipwa riba ya asilimia 10, kwa kuhesabu siku fedha zake zilizokaa. Unaingiza amana zote, programu inakupa jumla ya riba ambayo kikundi kinapaswa kulipa. Moyo wa programu nzima ulikuwa mstari huu mmoja:

riba = amana * asilimia * siku / 36500;

Nikaijaribu. Amana ya 100,000 kwa siku 365: riba 10,000. Sahihi. Amana ya 300,000: riba 30,000. Sahihi. Amana ya 500,000, ambayo ndiyo ilikuwa kikomo kwa mwanachama mmoja: riba 50,000. Sahihi! Watu wakapiga makofi. Nilichinjiwa jogoo, jamani.

Miaka miwili programu ikaenda sawa na daftari, shilingi kwa shilingi. Kikundi kikakua, na mwaka 2023 wakapandisha kikomo cha amana kutoka 500,000 hadi 1,500,000. Hakuna aliyenipigia simu kuniuliza. Wangenipigia kwa nini? Mashine ni mashine.

Desemba 2024 wakafunga mwaka. Shangazi alikuwa ameshalipa riba za watu kwa daftari lake. Katibu akaingiza amana zote, zaidi ya 80, kila moja na siku zake. Kompyuta ikasema jumla ya riba iliyopaswa kulipwa ni ndogo kuliko aliyolipa shangazi. Tofauti: shilingi 117,671.

Yaani kwa mujibu wa kompyuta, sandukuni zilitakiwa ziwemo shilingi 117,671 zaidi. Hazimo. Ziko wapi?

Nadhani mmeshaelewa kilichofuata. Hakuna aliyeuliza kama kompyuta imekosea. Waliulizana tu shangazi amezipeleka wapi. Akanyang'anywa ufunguo wa sanduku "mpaka uchunguzi ukamilike". Mwanamke aliyetunza fedha za watu miaka yote hiyo bila shilingi kupotea, kwa wiki moja akawa ni wa kunong'onwa kisimani.

Sasa hapa ndipo penye aibu yangu. Mimi nilikuwa nyumbani. Waliniita, nikafungua programu, nikaijaribu kwa 100,000, kwa 250,000, kwa 500,000. Majibu yote sahihi. Nikasimama mbele ya watu wazima nikasema: "Programu haina tatizo." Maneno matatu tu! Nilimfunga shangazi kwa maneno matatu.

Mtaniuliza, kwa nini hamkukaa na kikokotoo mkakagua amana moja moja? Swali zuri. Hakuna aliyefanya hivyo, nami sikufanya. Daftari ndilo lilikuwa mshitakiwa, kompyuta ndiyo ilikuwa hakimu. Nani anamkagua hakimu?

Jioni nikaenda kwake. Shikamoo shangazi. Marahaba mwanangu. Akanikaribisha chai kama kawaida, hakunilaumu hata kidogo, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mwishoni akasema tu: "Mimi nimeishia la saba, mwanangu. Hiyo mashine yako imesoma chuo kikuu. Nitashindana nayo vipi?"

Sikulala.

Usiku ule nikakumbuka kitu ambacho rafiki yangu wa chuo aliwahi kunionyesha nikakipuuza: zana ya kuhakiki programu za C. Inaitwa CBMC. Ilielezwa na Edmund Clarke, Daniel Kroening na Flavio Lerda mwaka 2004. Clarke huyo mwaka 2007 alipewa Tuzo ya Turing, ambayo kwa watu wa kompyuta ni kama Nobeli, pamoja na Allen Emerson na Joseph Sifakis, kwa kazi yao kwenye uhakiki wa aina hii. Zana yenyewe ni bure. Nikanunua kifurushi cha intaneti, nikaipakua.

Niwaeleze inavyofanya kazi, maana hapa ndipo ilipo hoja yangu yote.

Kila anayeuza maharage gulioni anajua bambo, kile chuma chenye ncha ambacho mnunuzi anakichoma kwenye gunia kupata sampuli. Akichoma mara tatu, punje safi, anasema gunia safi. Mkulima mjanja anajua mchanga aufiche wapi. Kujaribu programu kwa namba tatu nne ni bambo. Zana ya uhakiki haichomi bambo. Inamwaga gunia zima kwenye turubai.

Inafanyaje? Haiendeshi programu yako kwa namba moja moja. Inaigeuza programu kuwa fumbo moja kubwa la mantiki, halafu inauliza: je, kuna namba yoyote, katika zote zinazoruhusiwa, ambayo ikiingizwa humu itavunja kanuni? Kama ipo, inakupa namba yenyewe na kukuonyesha hatua kwa hatua jinsi mambo yalivyoharibika. Kama haipo, inakwambia haipo, na maana yake ni kwamba fumbo halina jibu, siyo kwamba zana imechoka kutafuta.

Kwa kikomo kipya cha 1,500,000 na siku 366, programu yangu ingeweza kupewa jozi milioni 549 za amana na siku. Mimi nilijaribu tatu nikala jogoo.

Nikaandika amri moja, nikabonyeza. Chai haijapoa, zana ikaandika kwa herufi kubwa kwamba uhakiki umeshindwa. Ikanipa mfano: amana ya milioni moja na laki kadhaa, siku mia tatu na kitu, na ikanionyesha ni mstari gani. Ule ule wa riba! Kuzidisha kumefurika.

Kufurika maana yake nini? Namba ya kawaida ya C kwenye kompyuta nyingi ina biti 32. Namba kubwa kuliko zote inayoenea humo ni 2,147,483,647. Programu yangu ilizidisha kwanza, ikagawanya baadaye. Amana ya 500,000 mara 10 mara 365 ni 1,825,000,000. Inaenea. Lakini mwaka ule kulikuwa na mwanachama mmoja, mmoja tu, aliyeweka 1,200,000 kwa mwaka mzima. Mara 10, mara 365, ni 4,380,000,000. Haienei! Ikazunguka kama kilomita za pikipiki ya zamani zinavyorudi sifuri, ikabaki 85,032,704. Gawanya kwa 36,500 unapata shilingi 2,329. Riba yake halali ni 120,000. Toa.

Shilingi 117,671. Kamili. Zile zile!

Fedha hazikuibwa. Hazikuwahi kuwapo. Zilizaliwa ndani ya mstari wangu mmoja wa C. Na lugha ya C haikusema kitu, kwa sababu C haina tabia ya kusema. Dennis Ritchie aliitengeneza Marekani, Bell Labs, mwanzoni mwa miaka ya 1970, iwe ndogo na ya haraka. Ukizidisha namba ikafurika, haikuonyi. Ukisoma nje ya mipaka ya orodha, haikuonyi. Zana ikanikuta na hilo la pili pia: orodha ya wanachama 30, mimi nimehesabu 31. Kulikuwa na mwanachama hewa kwenye kikundi miaka mitatu, na mweka hazina wake ni mimi.

Kosa la aina hiyo la kusoma nje ya mipaka, ndilo lililoitwa Heartbleed mwaka 2014, kwenye OpenSSL, programu ya C iliyokuwa ikilinda siri za tovuti nyingi duniani. Kwa hiyo msidhani ni kosa la wanafunzi tu.

Nikarekebisha, nikatumia namba ya biti 64, nikasahihisha orodha, nikabonyeza tena. Uhakiki umefanikiwa. Kesho yake nikaomba kikao, nikasimama pale pale niliposimama, nikasema: mwizi ni mimi. Kulikuwa kimya. Wengine wakacheka, wengine wakatazama chini. Shangazi akarudishiwa ufunguo. Akaupokea kwa sharti moja: daftari na mashine vikitofautiana, kwanza achunguzwe mashine. Sharti hilo la mama wa darasa la saba ni sera nzuri kuliko nyingi nilizowahi kuziripoti.

Haya. Kisa kimekwisha, sasa tuongee.

Mtasema hilo ni jambo la kijijini, programu ya mtoto wa chuo. Basi twendeni Uingereza. Kati ya mwaka 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 waliokuwa wakiendesha ofisi ndogo za posta walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu wa hesabu, kwa sababu mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu, ulionyesha upungufu wa fedha. Watu walifungwa. Watu walifilisika. Wengine walijiua. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ikathibitisha kwamba mfumo ulikuwa na hitilafu, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kuwafutia hatia kwa mkupuo. Miaka yote hiyo mahakama za Uingereza zilianza na dhana kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka mshitakiwa aonyeshe vinginevyo. Mshitakiwa mwenyewe ni muuza stempu! Ataonyeshaje? Ni shangazi yangu yule yule, mara mia tisa.

Au angalieni roketi ya Ariane 5. Tarehe 4 Juni 1996 ilirushwa kutoka Kourou, na sekunde kama 37 tu baadaye ikapoteza mwelekeo, kisha ikalipuka. Sababu: namba kubwa ya biti 64 ililazimishwa kuingia kwenye nafasi ya biti 16. Programu ile haikuwa ya C, lakini kosa ni ndugu wa kosa langu. Na kinachonitisha zaidi ni kwamba sehemu ile ya programu ilichukuliwa kutoka Ariane 4, ambako ilifanya kazi vizuri, maana kwenye Ariane 4 namba haikuwahi kufikia ukubwa ule. Si mnaona? Wao walipandisha kasi ya roketi, Masakta tulipandisha kikomo cha amana. Programu ikabaki ile ile, hakuna aliyeiuliza tena.

Turudi kwetu. Mnakumbuka mwaka 2024, kila mwenye mita ya LUKU alipotakiwa kuingiza makundi matatu ya tarakimu 20 badala ya moja? TANESCO walitangaza, tukaelekezwa, tukabonyeza tarakimu 60. Ni wangapi kati yetu waliuliza kwa nini? Jibu ni hili: mita za aina hiyo duniani kote zinatumia kanuni moja iliyozaliwa Afrika Kusini, na kila tokeni ilikuwa na hesabu ya dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993. Hesabu hiyo ilipewa biti 24. Biti 24 zinaenea dakika 16,777,216, yaani karibu miaka 32. Zikaisha tarehe 24 Novemba 2024. Lile halikuwa kosa la kificho, walioandika kanuni walijua kikomo. Lakini liwakumbushe kwamba ndani ya kila kisanduku ukutani kuna namba yenye ukingo, na kuna mtu aliyeamua ukingo uwe wapi. Programu nyingi za ndani ya vyombo vidogo namna hii zinaandikwa kwa C hiyo hiyo.

Na majirani zetu Kenya? Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa rais uliofanyika Agosti 8, na mojawapo ya mambo yaliyolalamikiwa na majaji walio wengi ni kwamba tume ya uchaguzi haikutii ipasavyo amri ya kufungua seva zake zikaguliwe. Simtetei mgombea yeyote hapa. Nasema tu kwamba siku ya siku, swali la nchi nzima lilikuwa swali la shangazi: tuonyesheni ndani ya mashine.

Sasa nasikia sauti tatu zikinipinga, ngoja nizijibu.

Ya kwanza: "Sisi ni nchi maskini, hayo ni ya wazungu na ndege zao." Ni kweli wenye ndege walianza. Mwaka 2003 zana ya Kifaransa iitwayo Astrée ilihakiki programu ya kuongoza ndege ya Airbus A340, mistari 132,000 ya C, ikathibitisha kwamba haina makosa ya aina ya kufurika na kuvuka mipaka. Lakini zana niliyotumia mimi Masakta haikunigharimu hata shilingi zaidi ya kifurushi cha intaneti. Kilichokosekana si fedha. Ni tabia. Na maskini ndiye anayehitaji zaidi, maana tajiri akikosewa na mfumo ana wakili.

Ya pili: "Tumeshaifanyia majaribio." Ndiyo, na mimi nilifanya. Soma tena habari ya jogoo.

Ya tatu ndiyo ya maana: "Hata hizo zana hazigundui kila kitu." Naam, ni kweli, na anayekwambia vinginevyo anakuuzia kitu. Zana inajibu swali uliloliuliza. Kama ningeandika asilimia 12 badala ya 10, isingesema neno, maana haijui mlikubaliana nini kikaoni. CBMC inafuata mizunguko ya programu mpaka kikomo unachokitaja, kwa hiyo ukitaja kikomo kidogo, umehakiki kidogo. Programu kubwa inaweza kuilemea. Na haimwoni mtu aliyeiba nywila. Lakini hoja hii haisemi tuache kuhakiki. Mlango wenye kufuli hauzuii wezi wote, mbona bado mnafunga? Makosa kama yangu, ya kufurika na kuvuka mipaka, yanaonekana kwa amri moja. Kuyaacha si bahati mbaya tena. Ni uzembe, nami niliufanya.

Kwa hiyo naomba kutoa hoja.

Mosi, taasisi yoyote ya umma inayonunua mfumo wa kuhesabu fedha za watu, umeme wa watu au kura za watu, iweke kwenye zabuni kifungu kimoja: mleta mfumo alete na ripoti ya uhakiki. Amehakiki nini, kwa zana gani, kwa kikomo gani, na nini hakuhakiki. Na kikomo kikibadilika, uhakiki urudiwe. Tunadai cheti cha ukaguzi kwa nyama ya buchani, tunashindwa kudai kwa mashine inayomtia mtu hatiani?

Pili, vyuo vyetu vifundishe kuhakiki pamoja na kuandika. Mimi nilihitimu nikijua njia nyingi za kupanga orodha na sikujua hata njia moja ya kuthibitisha kwamba orodha yangu haimwagiki. Mwalimu alikuwa anajaribu programu zetu kwa namba mbili tatu, anatoa alama. Bambo tena.

Tatu, na hapa nawageukia ndugu zangu wa vyumba vya habari, nikianza na mimi mwenyewe. Nimeandika mara ngapi "mfumo wa kisasa wazinduliwa"? Tunakwenda kwenye uzinduzi, tunakula vitafunwa, tunanakili taarifa kwa vyombo vya habari, tunapiga picha ya utepe ukikatwa. Hakuna hata mmoja wetu anayenyoosha mkono kuuliza: umehakikiwaje? Swali la neno moja tu. Tangu Desemba ile nimeshaliuliza mara kadhaa, na jibu ninalopata mara nyingi ni kutazamwa kama nimetukana.

Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote: mzigo wa kuthibitisha ubebwe na mashine. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imeipa kumbukumbu ya kielektroniki nafasi yake mahakamani, na sawa, dunia imebadilika. Lakini kumbukumbu kukubaliwa mezani ni jambo moja, na kuaminiwa bila kuulizwa ni jambo jingine. Daftari la mama linapogombana na programu ya mtoto wa chuo, asianze mama kujieleza.

Mimi nilikuwa na bahati. Kosa langu lilidumu wiki moja, mkosewa alikuwa mtu anayenipenda, na nilikuwa na zana mkononi. Je, yule ambaye mwandishi wa programu yake yuko mbali, hajulikani jina, na hana mpango wa kurudi nyumbani Desemba?

Mara ya mwisho nilipompigia shangazi simu aliniambia kikundi kinafikiria kupandisha tena kikomo cha amana. Kisha akaongeza, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Safari hii tumekubaliana tukuulize kwanza."

Nimeshaendesha uhakiki upya. Mpaka milioni tano, salama.

Ninyi mnasemaje? Yupo kati yenu aliyewahi kuambiwa "mfumo unaonyesha unadaiwa" na akawa hadaiwi? Semeni. Ni hayo tu kwa leo, tuonane panapo majaliwa.